Usiku huoni vizuri? Usiridhike na herufi za ukutani

Malalamiko ni yale yale, uwe Mkata, Kabuku, Segera au Mombo: "Mchana naona, ila jua likizama napapasa." Anayesema hivyo anaweza kuwa kijana wa bodaboda anayeziona taa za malori zimezungukwa na miduara. Anaweza kuwa mama mjamzito anayejikwaa kila akitoka jikoni, au mzee wa miaka 60 anayesalimiwa njiani asijue nani kamsalimia. Anaweza kuwa mtoto ambaye magharibi ikiingia hukaa kimya ukutani, wenzake wakiendelea kucheza. Lalamiko ni moja, magonjwa ni mbalimbali. Na majibu wanayopewa mitaani hayazidi vidole vya mkono mmoja: ni uzee, nunua miwani, kula karoti, weka matone, umerogwa.

Nataka kueleza jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema. Kuona vizuri mchana hakuthibitishi kwamba jicho ni zima. Kipimo cha herufi za ukutani, ambacho wengi wanakiita "kupima macho", hupima sehemu ndogo ya katikati ya uoni, tena penye mwanga wa kutosha. Magonjwa kadhaa yanayoiba uoni wa usiku huanzia pembeni, ndani ya jicho, mahali ambapo herufi hazifiki. Mtu anaweza kusoma mistari yote mpaka wa mwisho, akaambiwa macho yake mazima, akapanda gari kurudi Handeni na ugonjwa utakaompofusha. Kwa hiyo anayelalamika kuhusu usiku asitoke hospitali kabla mtaalamu hajamtazama ndani ya jicho.

Jicho linavyofanya kazi gizani

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Utando huo una seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Koni, zipatazo milioni 6, zimesongamana zaidi katikati. Kwa hizo tunasoma, tunatambua sura na rangi. Rodi, karibu milioni 120, zimetanda kuelekea pembeni. Rodi hazitofautishi rangi, lakini hunasa mwanga hafifu wa nyota na kibatari. Taa ikizimwa ghafla, rodi huchukua hadi nusu saa kufikia uwezo wake kamili. Ndiyo maana ukitoka sebuleni penye taa kali ukaingia uani, mwanzoni huoni kitu, kisha taratibu miti na ukuta vinajitokeza. Hilo ni la kawaida kwa kila mtu. Lisilo la kawaida ni pale wenzako wanapokwisha kuona njia na wewe bado umesimama.

Rodi hunasa mwanga kwa kemikali iitwayo rodopsini, ambayo mwili huitengeneza kwa kutumia vitamini A. Mwanasayansi George Wald alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa mchango wake katika kuieleza kazi hiyo. Kutokana na maelezo haya, daktari anaweza kuuliza swali la maana: giza limeanzia wapi? Laweza kuanzia kwenye lishe ya rodi, kwenye njia ya mwanga kupita kioo na lenzi, kwenye retina yenyewe, au kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kila mahali pana tiba yake, na pana muda wake wa kusubiri. Kwingine unaweza kungoja miezi, kwingine hata wiki moja ni nyingi.

Mtoto anayekaa kimya magharibi

Nianze na watoto, maana kwao muda ni mfupi zaidi. Upungufu wa vitamini A hujitokeza kwanza usiku, na mama huugundua kabla ya mashine yoyote. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, aliyekimbia mchana kutwa, jua likizama hataki kusogea. Ukimwekea sahani ya ugali, mkono unapapasa nje ya sahani. Anajigonga kwenye kigoda ambacho mchana alikiruka. Kesho yake, mkiwa kwenye mwanga, tazama weupe wa jicho upande wa sikioni. Huenda ukakuta kipande cheupe chenye vipovu vidogo kama vya sabuni. Ukikifuta kinatoka, baadaye kinarudi. Hayo ni madoa ya Bitot, na maana yake ni kwamba akiba ya vitamini A mwilini imepungua mno. Upungufu ukizidi, kioo cha jicho hukauka, kinalainika, na kinaweza kutoboka ndani ya siku chache, hasa mtoto akipatwa na surua.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa nchini. Watafiti Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho. Zaidi ya theluthi ya vidonda vilihusishwa na surua ya karibuni, na miongoni mwa sababu kubwa walitaja upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Mwaka mmoja kabla, Sommer na wenzake walionyesha huko Aceh, Indonesia, kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa takriban theluthi moja katika vijiji vilivyopewa vitamini A. Mtoto asiyeona usiku, basi, hayuko hatarini kwa macho tu. Uhai wake pia uko mashakani.

Tiba yake ni rahisi kuliko karibu kila tiba nyingine ya macho. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja mwenye dalili hizi hupewa dozi ya vitamini A ya vizio 200,000 siku ya kwanza, nyingine siku ya pili, na ya tatu baada ya wiki mbili. Wa umri wa miezi 6 hadi 11 hupewa nusu yake. Mara nyingi uoni wa usiku hurudi ndani ya siku moja au mbili. Matone ya kinga hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, nayo chanjo ya surua hutolewa mara mbili kabla mtoto hajafikisha miaka miwili. Fungua kadi ya kliniki uangalie. Kama nafasi ya vitamini A iko wazi, usisubiri kampeni ijayo, nenda zahanati.

Kuhusu chakula, nieleze jambo linalowapotosha wengi katika wilaya zetu. Handeni, Korogwe na Muheza kuna machungwa, na watu hudhani chungwa linatosha kwa macho. Chungwa lina vitamini C kwa wingi, lakini vitamini A inayopatikana humo ni kidogo. Kwa macho ya mtoto tafuta maembe mabivu, mapapai, maboga, viazi lishe vya rangi ya chungwa, na majani ya kijani: matembele, mchicha, kisamvu, majani ya kunde. Yapike na tui la nazi, karanga au mafuta kidogo, kwa kuwa mwili huhitaji mafuta ili kuinyonya vitamini hiyo. Mayai, maini na dagaa wanaoliwa wazima wanaitoa ikiwa tayari kutumika. Mwaka wa ukame, mahindi yakikauka Handeni na sahani ikabaki ugali na chumvi, ndio mwaka wa kuwatazama watoto kwa makini magharibi.

Mjamzito asiyeona usiku naye aende kliniki mara moja. Asijinunulie vidonge vya dozi kubwa, kwa sababu vitamini A ikizidi katika miezi ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kliniki itampa dozi ndogo inayomfaa.

Hapa ndipo ushauri mzuri unapoharibika kwa kupewa mtu asiyestahili. Kilichomponya mjukuu kwa siku mbili hakimponyi babu. Mtu mzima wa miaka 55 anayekula vizuri na kuharisha haharishi, uoni wake wa usiku ukipungua, mara chache sana tatizo ni vitamini A. Juisi ya karoti haimdhuru, ila miezi anayoitumia kuijaribu ndiyo miezi ambayo ugonjwa wake halisi unasonga.

Taa za malori na njia ya mwanga

Mahali pa pili ni njia ambayo mwanga hupita: kioo cha jicho kwa mbele, na lenzi nyuma ya mboni. Lenzi ikianza kuwa na ukungu, ndio mtoto wa jicho. Mgonjwa wa namna hii huwa haoni giza tupu, bali mwanga unamsambaratikia. Taa moja inakuwa na miale, lori likija mbele barabara inapotea yote, na hata baada ya lori kupita anaendelea kuona weupe.

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 kusafiri usiku kucha, barabara inayopita Mkata, Segera, Korogwe na Mombo haina saa ya kupumzika. Dereva mwenye ukungu kwenye lenzi anakutana na taa kali usiku wote, na kijana wa bodaboda anayevuka kutoka kwenye njia ya vumbi anakutana nazo akiwa hana hata kioo cha kumkinga. Nawaomba madereva walichukulie hili kama wanavyochukulia breki. Ukianza kupunguza mwendo kwa sababu ya mwanga wa wenzako, nenda ukapimwe kabla hujakata leseni upya.

Upasuaji wa mtoto wa jicho ni wa muda mfupi, kwa kawaida chini ya nusu saa, kwa ganzi ya jicho tu. Lenzi yenye ukungu hutolewa na ya bandia kuwekwa mahali pake. Hakuna dawa ya matone, ya kunywa wala ya mizizi inayouondoa ukungu huo. Anayekuuzia matone ya kuusafisha anakuuzia maji ya bei ghali.

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, kuanzia Magunga hadi Mombo, kuna jambo jingine. Ncha ya jani la mkonge ni ngumu na kali, na mkataji anainama juu yake siku nzima. Ikichoma kioo cha jicho, vimelea, wakiwemo fangasi, huingia na kidonda chenyewe. Kidonda kikipona, huacha kovu linalotawanya mwanga, na usiku ndipo kovu hilo linapojulikana. Aliyechomwa na mkonge, jani la muwa au pumba za mpunga asikae zaidi ya siku hiyo hiyo bila kuonwa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kuhusu wagonjwa wa vidonda vya kioo cha jicho ulionyesha jinsi kuchelewa kunavyoharibu matokeo. Na mwenye shamba anayetoa panga atoe na miwani ya kinga.

Wapo pia wanaohitaji miwani kweli, hasa vijana wasioona mbali. Jipime hivi: toboa kitundu kidogo kwa pini kwenye karatasi nene, funika jicho moja, kisha tazama maandishi ya mbali kupitia kitundu. Yakisomeka vizuri zaidi, huenda miwani itasaidia. Yakibaki vile vile au yakazidi kufifia, tatizo linaweza kuwa ndani zaidi na miwani ya stendi haitalifikia.

Retina: kisukari, usubi na urithi

Mahali pa tatu ni retina. Adui wake anayekua kwa kasi ni kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na wengi hawakuwa wamejua. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya damu kwenye retina huvuja na kuziba. Mgonjwa haumwi. Anaendelea kusoma herufi mpaka damu inapomwagika katikati, na siku hiyo huwa amechelewa. Kila mwenye kisukari anatakiwa kutazamwa retina mara moja kwa mwaka, hata kama hana lalamiko lolote. Mkoani Kilimanjaro wataalamu wamekuwa wakizunguka kliniki za kisukari na kamera ya kupiga picha retina. Mfumo kama huo unaweza kuendeshwa Tanga pia. Kumbuka vile vile kwamba sukari ikipanda na kushuka, lenzi nayo hubadilika, hivyo usinunue miwani mpya kabla sukari haijatulia.

Usubi ni wa kwetu hasa. Ni ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na milima ya Usambara pamoja na mabonde yake, yakiwemo ya Korogwe, ni miongoni mwa maeneo yake ya zamani nchini. Amani, kule Muheza, watafiti waliwachunguza nzi hao tangu miaka ya 1960. Katika mkoa wetu ugonjwa umejulikana zaidi kwa kuwasha na kuharibu ngozi, lakini mabuu ya minyoo yakifika kwenye jicho yanaweza kuharibu retina na mshipa wake, na uoni wa usiku ukawa wa kwanza kulegea. Kingatiba ya ivermektini, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu 1987, huua mabuu na haiui minyoo wakubwa, nao wanaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Ndiyo sababu mhudumu wa jamii anarudi mwaka hadi mwaka na kijiti cha kupimia urefu. Usimkimbie kwa kusema mwaka jana ulimeza.

Kuna na magonjwa ya kurithi. Retinitisi pigmentosa humpata takriban mtu mmoja kati ya 4,000 duniani. Huanza utotoni au ujanani kwa kutoona usiku, kisha uoni wa pembeni unafinyika mwaka baada ya mwaka, hadi mtu anatazama kama aliye ndani ya bomba. Ukichunguza ukoo, mara nyingi utakuta shangazi au binamu "aliyekuwa haoni usiku". Kwa aina nyingi za ugonjwa huu hakuna tiba ya kuurudisha uoni bado. Hata hivyo kuujua mapema kuna faida kubwa: kijana anachagua kazi inayomfaa, anaacha kuendesha usiku, anafuatilia mtoto wa jicho anayeweza kuongezeka juu yake, na familia inaacha kutafuta mchawi. Nimeona koo zikivunjika kwa tuhuma za uchawi juu ya ugonjwa ambao hakuna mtu aliyeutuma.

Dawa za hospitali nazo zitajwe. Ethambutoli, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaweza kugusa mshipa wa jicho. Dalili ya mwanzo ni rangi nyekundu na kijani kupauka. Hidroksiklorokwini inayotumiwa kwa muda mrefu na wagonjwa wa viungo inaweza kuathiri retina. Ukiona mabadiliko usiache dawa kimyakimya. Rudi kliniki iliyokupa, useme.

Mwizi asiyepiga hodi

Mahali pa nne ni mshipa wa fahamu wa jicho, na ugonjwa wake mkubwa ni presha ya macho. Haina uhusiano wa lazima na presha ya damu. Shinikizo ndani ya jicho huua nyuzi za mshipa kidogo kidogo, kuanzia zile za pembeni. Kwa aina iliyozoeleka zaidi kwetu hakuna maumivu, hakuna wekundu, na katikati hubaki salama hadi mwisho. Mgonjwa anajigonga kwenye mlango, anakanyaga kuku gizani, anagongana na watu sokoni, na ukimpima kwa herufi anafaulu.

Huko Kongwa, Dodoma, watafiti waliwapima zaidi ya watu 3,000 wa vijijini wenye miaka 40 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba watu wapatao 4 kati ya kila 100 walikuwa na presha ya macho. Hakuna sababu ya kuamini kwamba sisi wa Tanga tumesalimika. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepofuka kwa ugonjwa huu yuko hatarini zaidi, apimwe hata kabla ya miaka 40.

Uoni uliopotea haurudi, uliobaki unalindwa. Kwa miaka mingi ulinzi ulikuwa matone ya kila siku maisha yote, na kwa mkulima wa Kwamsisi chupa ikiisha ndipo tiba inapoishia. Mwaka 2021 watafiti wa KCMC na washirika wao walichapisha katika jarida la Lancet Global Health matokeo ya kulinganisha matone ya timololi na mwanga wa leza. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu katika macho 61 kati ya 100, na matone katika 31. Hii ni habari kubwa kwa watu wa vijijini, na imepatikana Moshi, kwenye barabara ile ile inayopita Korogwe. Anayeambiwa ana presha ya macho aulize: je, leza inanifaa?

Mshipa huo huo huweza kudhoofika kwa njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana Dar es Salaam walianza kupoteza uoni wa katikati, wengine wakifa ganzi miguuni na kupungukiwa kusikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliuhusisha ugonjwa huo na upungufu wa foleti, ambayo hupatikana kwenye mboga za majani na maharage, pamoja na moshi wa ndani ya nyumba. Kijana anayeona ukungu katikati na kuhisi miguu inachoma asidharau.

Unachokiona kwenye kioo

Mabadiliko mengi yanayowatisha watu ni yale yaonekanayo kwa nje, na mengi hayana uhusiano na usiku. Duara la kijivu kuzunguka sehemu nyeusi ya jicho la mzee ni la umri. Kinyama kinachotambaa polepole kutoka upande wa pua ni cha jua na vumbi. Kinaangaliwa kisifike mbele ya mboni. Kinyama kinachokua haraka ndani ya wiki au miezi, hasa kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi, kinahitaji kukatwa na kupimwa, maana kinaweza kuwa saratani.

Yafuatayo hayasubiri hata kesho kutwa: mng'ao wa ghafla machoni pamoja na vidoa vingi vinavyoelea, pazia jeusi linaloshuka upande mmoja, jicho jekundu lenye maumivu makali na kutapika, uoni kupotea ghafla, jeraha la kuchomwa, na mboni ya mtoto inayong'aa nyeupe. Hili la mwisho laweza kuwa saratani ya jicho la mtoto, ambayo ikiwahiwa inatibika.

Kuhusu matone ya dukani niseme wazi. Matone yenye deksamethasoni huondoa wekundu haraka, ndiyo maana yanapendwa. Yakitumiwa wiki nyingi bila kupimwa yanapandisha presha ya macho, yanaleta mtoto wa jicho, na yanachochea vidonda vya virusi na fangasi. Wenye maduka ya dawa muhimu wanajua majirani zao kwa majina. Nawasihi wasiyauze kwa anayelalamika kutoona usiku, wamwelekeze hospitali. Waganga wa tiba asili nao nawaheshimu kwa imani waliyonayo watu juu yao, na Malawi imeonyesha kwamba mganga na daktari wa macho wanaweza kushirikiana. Ombi langu kwao ni moja: msitie kitu ndani ya jicho, mkimpata asiyeona usiku mleteni.

Nenda na maneno haya

Ukifika zahanati usiseme tu "macho yananisumbua", kwa kuwa utapewa matone. Sema lini ilianza, jicho moja au yote mawili, kama tatizo ni giza au ni mwanga unaokuchoma, kama unajigonga pembeni, nani katika ukoo alikuwa hivyo, dawa unazotumia, na kama una kisukari. Kabla ya kwenda, funika jicho moja kisha jingine. Wapo wanaogundua hapo kwamba jicho moja lilikwisha kufa siku nyingi na lile jingine lilikuwa likiwafichia. Kisha kaa uso kwa uso na mtu, hatua moja, mtazame puani, naye alete vidole vyake taratibu kutoka pembeni. Akiviona yeye na wewe huvioni, umepata neno zito la kumwambia daktari.

Omba rufaa: Korogwe kuna hospitali ya Magunga, Handeni kuna hospitali ya wilaya, juu yake Bombo mjini Tanga, na kwa makubwa zaidi KCMC, Muhimbili au CCBRT. Uliza kwanza siku ya kliniki ya macho ili nauli isipotee. Huko, omba mambo matatu: kupimwa presha ya macho, kutazamwa retina na mshipa baada ya mboni kupanuliwa kwa dawa, na kupimwa sukari. Dawa ya kupanua mboni huleta ukungu kwa saa kadhaa, basi usiende ukiendesha pikipiki mwenyewe.

Mgonjwa peke yake hawezi kubeba haya yote. Halmashauri zetu nne, za miji na za wilaya za Handeni na Korogwe, zinaweza kuanza na mambo yasiyohitaji jengo jipya. Kila zahanati iulize swali moja kwa mjamzito, mama wa mtoto mdogo na mgonjwa wa kisukari: "Jua likizama unaona kama wenzako?" Kila kituo cha afya kiwe na kifaa cha kutazamia ndani ya jicho na mtu aliyefundishwa kukitumia. Kambi za madaktari bingwa zinapokuja wilayani, wagonjwa wa macho waorodheshwe mapema badala ya kutangaziwa siku ya mwisho. Na leseni ya kuendesha abiria usiku iambatane na kipimo cha macho kinachofika pembeni na ndani, si herufi tu.

Nawe msomaji, usiku huu muulize mtoto wako, mama yako na dereva wako kama wanaona. Akijibu hapana, mpeleke wiki hii.